Mikono Safi ya Mzee Enoki

Mwezi uliopita tulimzika Mzee Enoki. Msiba ulikuwa kwa mwanawe, mtaa wa Gongoni mjini Tabora, na mhubiri alisimama mbele ya jeneza akasema kwamba siku hiyo tunamsindikiza mwenye haki. Alilirudia neno hilo mara tatu, kila mara akipandisha sauti, na watu wakaitikia amina. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa pili pamoja na wazee wenzangu, mkoba wangu magotini, na sikuitikia. Mjukuu wa marehemu aliyekuwa akiongoza shughuli alikuja akaniinamia, akaniamkia, akaniomba niseme machache, kwa kuwa miongoni mwa waliomfahamu babu yake tangu kule kijijini nimebaki peke yangu. Nikamwambia nina mafua, sauti imekauka. Sikuwa na mafua yoyote. Babu yake asingetamka uongo wa namna hiyo hata kwa kisu shingoni, na hilo ndilo jambo lililonifanya nikose usingizi wiki nzima baada ya mazishi.

Najua marehemu hasemwi. Lakini sina ugomvi na maiti yake, nina ugomvi na lile neno, na jinsi tulivyowavisha nalo watu wasiostahili tukawavua waliostahili. Nimefundisha Shule ya Jumapili karibu maisha yangu yote. Nimewafundisha watoto wa watoto niliowafundisha kwamba hakuna anayejipatia haki mbele za Mungu kwa jasho lake, kwamba mtu huhesabiwa haki bure, kwa neema, kama mtu aliyevikwa nguo na mwingine. Tuliimba hivyo hata kule kijijini, kwa sauti nne, kisha tukatoka nje kila mtu akaanza kuihesabu haki yake kama anavyohesabu kuku wake jioni. Nami nilikuwa mmojawapo. Hasira yangu nyingine hata leo sijui niielekeze kwa nani kama si kwangu mwenyewe.

Mwaka ule wa kuhamia vijijini nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilipelekwa kufundisha darasa la watu wazima katika kijiji kipya, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka stesheni ya Igalula. Nilikikuta kijiji kimepangwa kwa kamba, mistari minane ya viwanja, na katika kila kiwanja watu wamekaa na vyungu vyao, magodoro ya majani na mbuzi waliofungwa kwenye visiki, wakisubiri miti ya kujengea. Nilipangiwa kuishi kwa Mama Nyamizi, mjane wa miaka arobaini hivi, mwembamba, mwenye sauti nzito kuliko umbo lake. Nyumba yake ilikuwa ya miti, imekandikwa udongo upande mmoja tu, na paa lake la nyasi lilifika nusu. Mimi nililala upande wenye paa, yeye upande wa nyota. Nilipokataa mpangilio huo alinijibu kwamba mwalimu akiugua darasa zima linafungwa, bali yeye akiugua watakosa mtu wa kuwasema tu. Asubuhi tulikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, tukivichovya katika karanga zilizosagwa. Jioni ugali wa mtama na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, na uyoga kama mvua imenyesha. Sijawahi kula nikashiba kama mwaka ule wa shida.

Alikuwa mwanafunzi wangu pia. Alipenda kusoma Maandiko kuliko vile vitabu vya kilimo tulivyoletewa, na alisoma kwa kidole, silabi kwa silabi, huku akigombana na habari zenyewe. Hadithi iliyomshika zaidi ni ya yule mwanamke wa Yeriko aliyewaficha wapelelezi darini, kisha akawaambia askari kwamba wageni wameshaondoka. Aliisoma mwezi mzima. Kila akifika hapo alicheka peke yake.

Mzee Enoki alikaa mstari wa kwanza, nyumba iliyotangulia kukamilika. Hakuwa mzee kwa umri, alikuwa amepita arobaini kidogo tu, lakini alikuwa mzee wa kanisa na papo hapo balozi wa nyumba kumi, kwa hiyo mambo ya mbinguni na ya serikali yote yalipita mlangoni kwake. Nataka niwe mkweli juu yake, maana yeye alikuwa mkweli juu ya watu wote. Hakunywa pombe. Hakumpiga mkewe. Mwaka wa njaa aliwahi kugawa mbegu yake akabaki na kidogo mno. Alikuwa na macho ya upole, na alipokuuliza hali yako alisubiri jibu. Watu walimwita mwenye haki angali hai, naye hakulikataa jina hilo, aliinamisha kichwa tu kama mtu anayepokea mzigo. Alipenda kusema kwamba mikono yake ni safi. Alikuwa akiionyesha hivi, viganja juu.

Maafisa wa operesheni walipokuja kuandikisha watu, walimwuliza Mama Nyamizi habari za mama mkwe wake, kwa kuwa jina lake lilikuwamo katika orodha ya zamani na yeye mwenyewe haonekani. Mama Nyamizi alisema amekwenda kuishi na mjukuu wake Nyamizi, aliyeolewa Lusu, huko Nzega. Wakamwambia aape. Akainua mkono, akaapa kwa jina la Mungu mbele ya Mzee Enoki na mbele yangu. Nilimwamini. Siku tatu baadaye alinikuta nikifua, akaniuliza kama naweza kutembea mwendo mrefu na kufunga mdomo. Nikasema naweza. La kwanza nililiweza.

Tulitoka alfajiri, yeye kabeba kikapu cha unga na chumvi, mimi dumu la mafuta ya taa. Tulifuata njia ya zamani ya misafara, ile ambayo wapagazi walipita na pembe mabegani, sasa imebaki mfereji wa nyasi katikati ya miyombo, mbung'o wakituuma mgongoni. Baada ya saa tatu tukafika kwenye mahame yao, kijiji walichokihama. Nyumba zote zilikuwa zimebomolewa isipokuwa moja. Ndani yake, kwenye kitanda cha kamba, alikuwepo Bibi Kashindye, mama mkwe. Miguu yake ilikuwa imevimba, alitembea kwa kushika ukuta. Chumba kilikuwa kisafi, kimepakwa udongo mweupe, kinanuka moshi na asali, maana mumewe alikuwa mrina asali na mizinga yake miwili ya magome ilikuwa bado imesimama pembeni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanivuta mkono nikae karibu ili anione. Alinipa sega la asali juu ya jani. Nikamwuliza, kwa ujinga wa kisomo changu, kwa nini asihamie kijijini alipo mkwewe, kwenye zahanati na maji.

"Mjukuu wangu, nimezika watu watano hapa," alisema. "Nikiondoka, asubuhi atawaamkia nani?"

Bibi hakuwa amebatizwa. Mama Nyamizi alikuwa Mkristo tangu alipoolewa, na mumewe alishakufa zamani, wala hakukuwa na sheria ya mila wala ya kanisa iliyomlazimu kumbebea unga mama wa mtu aliyekufa. Alimwosha miguu kwa maji ya moto, akamkata kucha, wakazungumza kwa Kinyamwezi na kucheka mambo nisiyoyajua. Tulirudi mara nne mimi naye. Mara nyingine alikwenda peke yake.

Jumatano tulikuwa na maombi sebuleni kwa Mzee Enoki. Kila mtu alitaja hitaji lake, wengine wakaliombea. Masika yalikuwa yameanza, nami nilimfikiria yule bibi peke yake na miguu ile. Zamu yangu ilipofika nikasema, tumwombee bibi mmoja mgonjwa aliyebaki porini. Sikutaja jina. Nilijiona nimefanya jambo la kiroho. Tulipotoka, Mzee Enoki alinisindikiza hadi njia panda, akaniuliza taratibu, kama baba, huyo bibi ni nani. Alikuwa na mkokoteni na ng'ombe wawili. Nilijiambia, huyu ndiye mtu wa kumsaidia, atamletea dawa, atamrekebishia paa. Nikamweleza yote, mpaka mti wa mninga mahali njia inapokata kushoto. Akanishukuru. Akasema tuzidi kuomba.

Wiki iliyofuata maafisa walirudi kuhakikisha kwamba hakuna aliyebaki nyuma. Walimwuliza balozi, naye akawaambia. Mchana wakaenda mgambo sita na trekta lenye tela. Mama Nyamizi alikuwa shamba la kijiji na mimi darasani, na tulichoona sisi ni tela likirudi jioni katika mvua, Bibi Kashindye amekalishwa juu ya magunia, amefunikwa turubai mpaka kiunoni, kichwa wazi. Mizinga hawakuipakia. Mgambo mmoja, kijana aliyekuwa akisoma darasani kwangu, hakuthubutu kunitazama. Yeye ndiye aliyeniambia baadaye kwamba nyumba waliichoma yule bibi akiwa tayari ameketi kwenye tela, ili asipate pa kurudi, na kwamba hakulia, aliita tu majina ya watu, moja moja, wakashindwa kuelewa anaita nani. Mimi nilielewa. Walikuwa watano.

Tulimlaza upande wangu, wenye paa. Siku ya nne alianza kichomi. Mganga wa zahanati alikuja kwa baiskeli akampiga sindano, akatuambia mapafu yameshajaa. Siku ya tisa, saa nne asubuhi, alifariki, kichwa chake kikiwa kwenye mapaja ya mkwewe. Kanisa halikumzika kwa kuwa hakuwa wetu. Sanda aliitoa mwenye duka wa stesheni, Mwislamu wa asili ya mjini Tabora, Mzee Salum, ambaye hakumwuliza Mama Nyamizi marehemu alikuwa wa dini gani, alimwuliza urefu wake tu. Alikuja mwenyewe na majirani zake wawili wakachimba kaburi. Sisi watu wa Jumatano tulikuwa wanne mazishini. Mzee Enoki alipeleka salamu za rambirambi na debe la mahindi.

Siku mbili baadaye nilikwenda kwake. Chumba chake nakiona mpaka leo, meza yenye kitambaa cha kufuma, kalenda ukutani, kikombe cha chai ya maziwa kilichowekwa mbele yangu ambacho sikukigusa. Nyuma ya ukuta wa matete mkewe alikuwa akichagua maharage. Nilimwuliza Mzee kama alijua watamfanya nini yule bibi.

"Binti yangu, mimi niliulizwa swali," alisema. "Nikalijibu. Yaliyofuata ni ya Mungu."

"Ungenyamaza, Mzee."

"Pale kunyamaza kungekuwa uongo. Siwezi kuichafua nafsi yangu kwa sababu ya mtu mwingine, hata nikimpenda vipi."

Alisema hayo machozi yakimlengalenga, na machozi yalikuwa ya kweli, hilo ndilo lililonichoma. Angekuwa mnafiki ningemdharau nikaenda zangu. Ndipo sauti ya mkewe ikatoka nyuma ya matete, taratibu, kama mtu anayesema na maharage yake. "Mwaka juzi walipouliza ng'ombe wa kaka yako wamekwenda wapi," alisema, "ulishikwa na kikohozi mpaka wakaondoka." Mzee Enoki hakugeuka. Alivuta Biblia yake karibu, akainyoosha ilingane na ukingo wa meza, akasema tuombe. Nikainamisha kichwa. Naam, niliinamisha, nikaitikia na amina, nikaondoka.

Mwezi haukwisha kabla mchungaji hajaja kutoka mjini kuendesha baraza la wazee. Nilidhani anakuja kwa habari ya kifo. Alikuja kwa habari ya kiapo. Mama Nyamizi alikuwa ameapa uongo kwa jina la Mungu, mbele ya mashahidi, na jambo hilo lilikuwa limeenea, na mfano mbaya haufai kuachwa. Kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka, nilikalishwa pembeni niandike. Wazee watano benchi moja, Mzee Enoki katikati, na mbele yao Mama Nyamizi kwenye kigoda, amevaa kaniki ya msiba. Mchungaji alimwuliza kama aliapa uongo. Akasema ndiyo. Akamwuliza kama anatubu.

"Mchungaji, nina swali kwanza," alisema. "Yule mwanamke wa Yeriko aliyewadanganya askari, naye alitengwa?"

Mchungaji akasema zile zilikuwa zama nyingine. Mama Nyamizi akasema anaelewa, ila ameona mbele huko, katika waraka wa mtume, kwamba yule mwanamke anatajwa kuwa alihesabiwa haki, na hajaona mahali alipotubu ule uongo, labda kwa sababu yeye bado anasoma polepole. Sikuwahi kumfundisha sehemu hiyo. Alikuwa ameitafuta mwenyewe kwa kidole. Mchungaji, ambaye shuleni kwake hakufundishwa kujibiwa na mwanamke wa kigodani, alisema Maandiko yanataka mtu wa kuyafafanua, akafunga jambo hilo. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia. Akauliza ni nani alikuwa akishirikiana naye kupeleka chakula, maana naye itabidi aitwe.

Kalamu yangu ilisimama. Mzee Enoki alijua. Alinitazama, kisha akatazama viganja vyake. Hakuulizwa yeye. Mama Nyamizi hakunitazama kabisa.

"Hakuna," alisema. "Nilikuwa nakwenda peke yangu."

Nikaandika. Hakuna, alikwenda peke yake. Niliandika kwa wino wa bluu, kwa ule mwandiko wangu uliosifiwa, nikaweka nukta. Wakamtenga na Meza ya Bwana mpaka atakaposimama mbele ya kusanyiko na kuungama. Mimi nilibaki mwalimu. Jumapili iliyofuata nilikwenda mbele na wengine, nikapokea mkate, nikapokea kikombe, naye amekaa benchi la mwisho karibu na mlango, mikono magotini, akiimba ile sauti ya pili kwa uzito wake uleule. Tangu utoto nilikuwa nikifundishwa kwamba mmoja alibeba hatia ya wengine ili wao wahesabiwe safi, na niliwafundisha watoto habari hiyo kwa picha za karatasi. Ilipotendeka mbele yangu, kwenye kigoda, niliiandika katika kumbukumbu za kikao nikaenda kumeza mkate. Wanaoniona mpole siku hizi hawajui jinsi ninavyomchukia yule msichana mwenye mwandiko mzuri.

Hakuungama kamwe. Wazee walimtumia mjumbe mara mbili, akawajibu kwamba akisimama mbele ya kusanyiko atasema kweli, na kweli ni kwamba wakija tena kumchukua mtu wa namna ile atadanganya tena, kwa hiyo wao ndio waamue kama wanataka kweli hiyo isemwe kanisani. Hawakutaka. Alikaa benchi la mwisho miaka yote iliyobaki, na sikusikia hata mara moja mtu akimwita mwenye haki.

Mavuno yalipokwisha nilipata barua ya kuhamishwa. Nilishindwa kuondoka na jambo lile kifuani. Mchana mmoja nilimkuta jikoni akiepua chungu, nikamwambia, nikiwa nimesimama, kwamba aliyemweleza Mzee Enoki habari za Bibi ni mimi. Nilikuwa nimejiandaa. Nilitaka anifukuze, anitukane, anipige mwiko, chochote ambacho kingenifanya niondoke nimelipa.

"Najua," alisema. "Nilijua tangu siku ya tela. Njia ile tuliijua wawili."

Nikahesabu haraka kichwani. Miezi mitano. Miezi mitano alikuwa amenipikia, ameniachia upande wenye paa, amesahihisha Kinyamwezi changu, amekaa kwenye kigoda akasema hakuna. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Nilimwuliza kwa ukali, Mungu anisamehe, kana kwamba yeye ndiye aliyenikosea.

Aliufuta mwiko kwenye ukingo wa chungu. "Ningekuambia nini, mwanangu?" alisema. "Ulikuwa unamwombea."

Akapakua ugali, akausogeza kati yetu, akanawa, akanimiminia na mimi maji mikononi. Akakata tonge lake kwanza ili nami nianze.